Bendera Iliposhushwa Mbele ya Ukumbi wa Jiji

Enzi zetu, sisi tuliokulia mji mdogo wa wilaya kule Tanzania, kila jioni ilikuwa na kimya chake. Bendera ikianza kushushwa pale polisi, filimbi ililia na kila kitu kilisimama. Wenye baiskeli walishuka. Mpira wetu wa matambara uliviringika hadi mtaroni na hakuna aliyethubutu kuufuata. Hata mlevi wa mtaa wetu alijikaza wima kuliko sisi wote. Mama alizoea kutuambia, "Nzi akikutulia puani, mwache mpaka filimbi ya pili." Watoto wa siku hizi husimama simu ikiisha chaji.

Nimezunguka sana tangu hapo: Nairobi, Muscat, sasa Barking, mashariki mwa London. Mwezi uliopita niliitwa kula kiapo cha uraia wa Uingereza katika ukumbi wa zamani wa jiji, jengo la mawe lenye nguzo nene na ngazi pana. Tulionywa mapema: mlango ukifungwa, umekosa, unaanza kusubiri upya. Binti yangu Neema, aliyezaliwa huku huku, alinisindikiza.

Tukiwa kwenye ngazi, mzee mmoja akaanza kushusha bendera. Miguu yangu ikagoma. Mikono ikajibana mapajani yenyewe. Watu walinipita na vikombe vyao vya kahawa.

"Baba, kwa nini wewe simama?"

"Bendera inashuka, mwanangu."

"So? Anabadilisha tu. Ile imechanika. Baba, mlango."

Nilisubiri filimbi. Haikulia. Mzee akaikunja bendera, akaibana kwapani kama shuka la kufua, akaniuliza kama najisikia vizuri. Sikujua hata kama bendera ile ilikuwa yangu tayari au bado. Neema akanishika mkono, akanivuta kama nilivyokuwa nikimvuta yeye kwenda chekechea.

Tuliingia wakati mlango unasukumwa. Ndani, chini ya dari lenye nakshi za dhahabu, tukaambiwa tusimame, nikasimama. Tukaambiwa tuseme kiapo, nikasema. Neema alipiga makofi kuliko ukumbi mzima.

Zamani hakuna aliyetuuliza sisi ni wa wapi; tulisimama tu, mji mzima, na tulijua. Siku ile niliulizwa mbele ya watu, nikajibu kwa sauti, nikatoka na cheti mkononi, na mpaka leo sina uhakika nilikuwa nikimsemea nani.