Kombe la Gari

Mama mdogo wangu alikuwa mgonjwa kitandani, Sur, na kila siku akimpigia simu mama yangu: "Njoo nikuone, dada, kabla sijaondoka." Sisi tunakaa Ibra. Goti langu la kulia halitaki tena kukanyaga mafuta safari nzima, na kaka zangu wa Maskati hawaishiwi na udhuru. Ndipo nikanunua gari linaloshika njia lenyewe na kusimama lenyewe.

Mama akalizunguka kama posa asiyoitaka. "Wallahi sipandi gari hili. Sayyara isiyo na roho itamwogopa nani?"

Nikamhubiria wiki nzima. Nikamwonesha mpaka jicho la gari, kamera ndogo juu ya kioo cha mbele. Akalitazama sana, asiseme neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi nilikisahau. Asubuhi yake aliposema, "Yalla, twende," nikajisifu kwamba elimu imeshinda.

Hatujafika mbali, gari likalia na kuandika kwamba halioni. Nikawasha waipa, zikapaka kitu cha manjano kioo kizima. Nikasimama pembeni.

"Mama, nini hiki?"

"Kombe." Wala hakuona haya. Alikuwa ameandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa marashi, kama alivyokuwa akitunywesha tulipougua utotoni. Na kwa kuwa gari halina kinywa, alilipaka jichoni. Akatia na asali kidogo, lishike.

Nikachukua chupa ya maji. Akanidaka mkono. Maji ya kombe hayamwagwi njiani yakakanyagwa! Basi malori yanatupigia honi, mimi mtu mzima naosha kioo, naye amekinga kifuniko cha hotpoti ya vitumbua vya mgonjwa, ananigombeza kwa kila tone. Mwisho akaenda kuyamwaga shinani mwa mgunga, pasipopita mtu. Nilikuwa nimefura kwa hasira.

Karibu na Al Kamil ngamia akaamua kuvuka. Gari likafunga breki kabla mguu wangu haujakumbuka kazi yake. Ngamia akatutazama, akaenda zake.

"Umeona, mama?"

"Nimeona, alhamdulillah. Kombe limefanya kazi."

Nikaikazia macho njia mpaka Sur.

Mama mdogo alikuwa amelala chali, amekonda, uso umebaki macho. Nikainama kumwamkia, akanishika mikono. "Maskini, mbona baridi hivi? Na vidole mbona havinyooki?"

"Muulize mwenyewe anayeiamini sayyara," mama akasema. "Ameng'ang'ania usukani toka Ibra, na macho kayatoa."

Mama mdogo akacheka, akakohoa, akacheka tena, hata akaomba ainuliwe akae. Mama akapanda kitandani nyuma yake, akamwegemeza kifuani, wakanicheka wote wawili. Niliumbuka, na sijapata kufurahi vile. Nikakaa pale chini, nikawaacha wanicheke.