Muuzaji Aliyeomba Saa Iwe Feki

Nilipopata kazi ya ualimu kule Nanyamba, kitu cha kwanza nilichokitamani hakikuwa mke wala baiskeli. Nilitamani saa. Si zile za plastiki za sokoni, ambazo ukinawa mikono mara moja tu zinaingia maji na kufanya ukungu kwenye kioo. Nilitaka saa nzito ya chuma, ambayo nikiinua mkono kuandika ubaoni hata mwanafunzi wa dawati la nyuma aione. Nilikuwa kijana na nilikuwa na majivuno, na sioni sababu ya kuyafunika leo.

Saa yenyewe nilijua ilipo. Ilikuwa kwa mama mwenye nyumba wetu, Mtwara mjini. Wazazi wangu walitoka mikoa ya mbali, baba akiwa karani bandarini, na tangu utoto wangu tulipanga kwa mama huyo, mjane mwenye asili ya Mikindani aliyeshika dini yake sawasawa. Idi tulikula kwake. Krismasi kuku wetu walichinjwa na jirani Mwislamu, ili mama huyo naye apate kukaa nasi mezani. Sikuwahi kumwita kwa jina, nilimwita mama tu, na wa kwangu wa kunizaa hakuona wivu.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, mkubwa kwangu, ndiye aliyenifundisha kuogelea. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kijana huyo alizamia. Ndivyo tulivyosema pale kwetu: unajipenyeza kwenye meli iliyokuja kupakia korosho, unajificha, na nchi ambako meli itakutema ndiko utakakotafutia riziki. Akaondoka hivyo, bila kuaga. Miaka ikapita bila barua wala salamu, mpaka siku moja baharia wa meli nyingine ya korosho akaulizia nyumba hadi akaipata. Akamkabidhi mama saa iliyofungwa kwenye leso, akasema, "Mwanao anakusalimu," akarudi zake melini.

Waliozamia walikuwa na sheria yao, na kila mama wa mji ule aliijua. Mtu harudi mikono mitupu. Anayerudi na shati lake moja atachekwa kijiweni mpaka azeeke, kwa hiyo aliyekosa hukaa huko huko, kimya, akisubiri bahati. Mama aliishi kwa sheria hiyo. Kila aliyemuuliza habari za mwanawe alijibiwa, "Maskini, hana kitu. Anaona haya. Angekuwa nacho angeshakuja." Saa ile nayo aliitia katika hesabu hiyo hiyo. Kwake ilikuwa saa feki, takataka ya kung'aa, iliyotumwa na mtoto ambaye hakuwa na kingine cha kutuma. "Katoa alichonacho," alisema, na nadhani aliipenda zaidi kwa kuamini kwamba haina thamani.

Huku nyuma alikuwa akimjengea chumba uani. Alitaka mwanawe akirudi na umaskini wake aingie kwa mlango wa nyuma, alale, na asubuhi watu wamkute yumo ndani kama hakuwahi kuondoka. Kuta zilikuwa zimesimama. Yalibaki mabati.

Jumamosi moja nilipoteremka mjini kutoka Nanyamba akaniita barazani. "Mwalimu, ile saa bado unaitaka?"

"Mama, nimeanza kuitaka kabla sijaanza kunyoa ndevu."

Akacheka. "Basi chukua, mimi nipate mabati. Saa haitamleta mtu. Chumba ndicho kitakachomleta."

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Akaurudisha. "Kwanza ikakaguliwe."

"Ya nini, mama? Mimi nimeipenda hivyo hivyo."

"Kuficha ila ya kitu unachouza ni dhambi, mwanangu. Nikikuuzia feki kwa bei ya kitu cha kweli, kesho nitajibu nini? Tutakwenda wote kwa sonara. Atasema ni feki, utanipa bei ya feki, na roho yangu itakuwa safi."

Hakusema "akisema ni feki." Alisema "atasema." Niliyasikia maneno hayo vizuri, nikayaacha yapite.

Sonara alikuwa Mhindi mzaliwa wa hapo hapo Mtwara, mtu mkavu, asiyependa wateja wanaoegemea kioo chake. Mama akakaa kwenye benchi ndani ya buibui lake. Mimi nilisimama karibu na kujifanya mjuzi, maana walimu wenzangu walikuwa wamenijaza mambo mengi ya kuangalia. Sonara akaipima saa kwa kiganja. Akaufuata mshale wa sekunde, ambao ulikuwa ukiteleza bila kurukaruka. Akaweka lenzi jichoni akasoma maandishi yale madogo, moja moja, kuona kama yamefura kingoni. Akaitoa mikanda yake ya chuma atazame namba zilizochongwa pale inaposhikia. Mwisho akafungua mfuniko wa nyuma, akainama juu yake.

"Feki, siyo?" mama akauliza.

Sonara akaisogeza saa kwenye mwanga.

"Sema tu, baba. Sisi tunajua."

"Mama," sonara akasema, akiitoa lenzi, "hii ni orijino. Nje na ndani. Saa kama hii haijawahi kuingia duka hili." Kisha akanigeukia mimi. "Kijana, wewe huiwezi. Mama akikubali, nitainunua mimi."

Nilicheka. Saa ilikuwa imenitoka, lakini nilimfurahia mama kwa moyo wote, nikageuka kumwambia kwamba sasa ataezeka nyumba nzima. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Mtu anayesugua sitaha ya meli anaweza kununua saa hii?" akamuuliza sonara.

"Hawezi, mama."

"Basi kaiokota."

"Saa hii haiokotwi."

Mama akasogea mpaka ukingo wa benchi. "Basi kaiiba," akasema taratibu. "Vijana huko wana shida. Njaa inamfundisha mtu mengi. Kaiiba, ndiyo." Nimewasikia akina mama wengi wakiapa kwamba watoto wao si wezi. Huyu alikuwa akiomba wake awe mwizi, na sauti yake ilikuwa na matumaini. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuja kukitafuta pale dukani, na nikatamani tusingekuja.

Sonara naye, masikini, alidhani mama anaogopa polisi. Akaharakisha kumtuliza. Akamwonyesha upande wa ndani wa mfuniko, palipokuwa na alama ndogo ndogo zilizokwaruzwa na fundi kila alipoifungua kuisafisha. Mwandiko ule ule, alisema, fundi yule yule, miaka na miaka. Mwizi hapeleki saa kwa fundi mmoja miaka yote hiyo. Akamwonyesha na pingili za mkanda zilizopunguzwa ili zimtoshe mtu mwenye mkono mwembamba. "Ni mali yake halali, mama. Usiwe na wasiwasi hata kidogo."

Mama akautoa mkono ndani ya buibui. Sonara akairudishia saa mikanda, na mama akaivaa. Ilimkaa sawasawa. Mtaa mzima ulijua kwamba mtoto yule alichukua mikono ya mama yake.

"Miaka na miaka," mama akasema. Akaivua, akaiweka juu ya kioo, akamwambia sonara ampe anachoona ni haki, na hakusubiri hata kujua ni kiasi gani. Pesa nilizipokea mimi.

Nje jua lilikuwa kali. Nilianza kumwambia maneno ya kijinga, kwamba pengine anajipanga kuja, kwamba wenye kazi kubwa hukosa nafasi. Alitembea kidogo, akasimama, akashika ukuta.

"Kumbe ameshiba," akasema. Kisha kwa sababu alikuwa mcha Mungu, akaongeza, "Alhamdulillahi. Mwanangu ameshiba." Halafu akalia pale pale barabarani, kwa sauti, watu wakipita. Nilimshika bega. Nilimchukia mwanawe kwa chuki ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu mwingine. Miaka yote hiyo mama alikuwa amemsamehe umaskini, na kumbe hapakuwa na umaskini wa kusamehe.

Hatukulizungumza tena. Ujenzi wa uani ukasimama, na mama akawa mtu wa kukaa ndani.

Wiki chache baadaye niliteremka tena mjini nikakuta turubai limefungwa mbele ya nyumba, masufuria makubwa motoni, wanawake wanakata vitunguu, wanaume kwenye mikeka wakisoma. Nikamhofia baba yangu. Mama yangu mzazi akanipokea mlangoni, macho mekundu.

"Mwenye nyumba amepata habari. Mwanawe amefariki huko ughaibuni. Baharia ndiye kamletea. Leo wanamsomea hitima."

Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, amevua viatu, ameinamisha kichwa kama wenzake. Msimu wa korosho ulikuwa umekwisha na hapakuwa na meli bandarini wala baharia mjini, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye, karani wa bandari. Hakusema neno, siku ile wala baadaye.

Nikaingia ndani kutoa pole. Mama alikuwa ameketi sakafuni, kanga imemfunika kichwa, na watu wakimpa mkono mmoja mmoja. Huyu ndiye aliyekataa kuniuzia saa bila kukaguliwa, kwa kuogopa dhambi. Zamu yangu ilipofika akainua macho, akanitazama. Katika nyumba ile iliyojaa watu, ni mimi peke yangu niliyekuwa dukani siku ile.

"Pole, mama," nikasema. "Mungu amlaze mahali pema."

"Amina, mwanangu," akajibu, na mkono wangu akaung'ang'ania mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaanza kusubiri.