Mkutano wa Kuahirisha Uchaguzi

Sababu ya safari ilikuwa simu ya dada yangu, Mwanakombo. Anaishi katika kijiji cha wavuvi mbele ya Jego, karibu na mpaka, na jina la kijiji naliacha kwa kuwa yeye bado anaishi huko. Mimi niko Mackinnon Road, mji mdogo wa njia kuu ya Nairobi, ambako nakodisha vipaza sauti kwa harusi, maulidi na mikutano. Aliniambia kwamba kijijini kwao kutakuwa na mkutano mkubwa, kwamba mwenye vipaza sauti wa huko ameugua ghafla, na kwamba aliugua pale alipoambiwa anayeviagiza ni Mwanakombo. Akaniuliza kama mimi ni mzima. Nikamjibu ni mzima, alhamdulillahi.

"Basi njoo," akasema.

Niliondoka alfajiri, baada ya swala, pikapu imebeba spika, jenereta na nyaya. Malori yalikuwa yamelala ubavuni mwa barabara kama kawaida ya Mackinnon Road, madereva wakipiga mswaki kando ya magurudumu. Sikupitia Likoni. Siku hizi kuna barabara mpya ya Dongo Kundu inayokuvusha mikoko kwa madaraja marefu na kukutoa ng'ambo ya kusini bila ya kupanda feri. Mke wangu alinifungia mihogo na samaki wa kukaanga, akaniusia niendeshe polepole na nisiingie katika mambo ya watu. La kwanza nililifuata.

Tiwi nilipita kumjulia hali binamu yangu Fatuma, na mumewe Hamadi akanikaribisha chai kwa mahamri. Hamadi ana shamba dogo la minazi na anapenda habari. Nilipomweleza niendako, alisema kwa upole kwamba huko kuna matatizo ya demokrasia. Tiwi, alisema, hawana matatizo hayo. Mwenyekiti wa kikundi chao cha maji huchaguliwa kila muda ukifika, na kila mara ni yeye huyo huyo, kwa sababu wengine wakitaka kugombea huitwa pembeni wakaelezwa.

"Huelezwa nini?" nikamwuliza.

"Sijui," akasema Hamadi. "Sijawahi kutaka."

Ukunda nilinunua mafuta ya jenereta. Pale kituoni vijana wa bara walikuwa wakibishana juu ya siasa za nchi kwa Sheng na Kiingereza, wakisema wazi majina ya wakubwa, mpaka gari moja jeusi lilipoingia kutia mafuta. Mazungumzo yakahamia kwenye mpira. Gari lilipotoka, nililitazama vizuri: lilikuwa la mtu aliyekuja kuchukua watalii Diani. Mazungumzo hata hivyo hayakurudi kwenye siasa.

Msambweni nilisimama kuswali adhuhuri. Nilipokuwa navaa viatu, simu ikalia kwa namba nisiyoijua. Mtu aliyejitambulisha kwa jina la Rama, msaidizi wa mwenyekiti, alinisalimu kwa adabu kubwa, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto na za njiani. Akasema wamefurahi kusikia kwamba nimefika Msambweni salama. Mimi sikuwa nimemwambia mtu kwamba niko Msambweni. Akasema mwenyekiti atapenda sana kuvitumia vyombo vyangu. Nikamshukuru. Nilikula ile mihogo nikiwa ndani ya gari, vioo juu.

Kutoka hapo barabara inapita Ramisi na mashamba ya miwa hadi Lunga Lunga, kisha unakata kushoto kuelekea baharini. Hewa inabadilika, unaanza kunusa chumvi na samaki wakavu. Nilifika kijijini jua likiwa limeinama, nikamkuta dada yangu uani akipepeta unga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda," akasema, maana ndivyo anavyosalimu.

Mwanakombo ni mama karanga. Hao ndio wanawake wanaonunua samaki ufuoni, wakawakaanga na kuwauza. Ni mjane, na kwa kazi hiyo alisomesha watoto wake wote. Jioni ile hapakuwa na karai motoni, nikamwuliza sababu. Akanieleza jambo zima, bila ya kupandisha sauti.

Ufuo wao unaendeshwa na kamati inayochaguliwa na wavuvi na wachuuzi, na kamati ndiyo inayoamua nani anunue na nani auze pale. Mwenyekiti ni Kassim, ambaye dada yangu mwenyewe alimpigia kura na kumpigia na vigelegele. Kassim alifanya kazi. Alijenga banda la samaki lenye paa la mabati, akawatafutia barafu, akawaondoa madalali waliokuwa wakiwapunja. Kisha siku moja aliomba, kwa sababu mikutano ilikuwa ikirefuka, maswali yawekwe mwisho. Watu wakaona ni sawa. Baadaye akaomba maswali yapelekwe kwa Rama mapema, ili majibu yaandaliwe. Watu wakaona pia ni sawa, kwani nani asiyetaka jibu lililoandaliwa? Baadaye Rama akaanza kusema kwamba swali fulani halikuwa zuri. Mwishowe ikatangazwa kwamba maswali yanaharibu umoja.

Muda wa uchaguzi ulifika, ukapita. Mwanakombo alisimama mkutanoni akauliza, "Uchaguzi ni lini?" Kesho yake ikatoka amri kwamba mtu asiye na nidhamu haruhusiwi kununua samaki ufuoni. Hakutajwa jina. Lakini ni yeye peke yake aliyerudishwa. Sasa kamati ilikuwa imeitisha mkutano, naye akaviagiza vipaza sauti mwenyewe ili swali lake lisikike safari hii.

"Amekutukana mtu? Amekupiga?" nikamwuliza.

"Nani anipige? Wote waniamkia," akasema. "Wanirudisha kwa shikamoo."

Baada ya magharibi Kassim mwenyewe alikuja. Nilimtarajia mtu mkali. Alikuwa mwanamume mnene kidogo, mpole, kanzu safi, amebeba nguru mzima kwa ajili ya mgeni. Alikaa mkekani, akakumbuka jinsi yeye na marehemu shemeji yangu walivyokuwa wakivua pamoja. Jeneza la shemeji alilibeba yeye, upande wa kichwani. Hilo hata dada yangu alilikubali kwa kichwa, akiwa jikoni anampaa yule nguru.

"Ndugu yangu," Kassim akaniambia, "mimi cheo sikitaki. Mimi ningependa hata kesho nipumzike. Watu ndio wanaonikatalia."

"Watu gani?"

"Watu," akasema, akaonyesha kijiji chote kwa mkono.

Kisha akashusha sauti, akasema Mwanakombo ni dada yake vilevile, na kwamba anaogopa ajiaibishe kesho mbele ya watu. Naamini alisema kweli. Hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu mbaya ningejua namna ya kumchukia.

Asubuhi mkutano ulifanyika katika banda la samaki. Watu walijaa kivulini chini ya mabati, na nje mchanga ulikuwa mweupe kwa jua. Nilifunga spika kwenye nguzo. Rama, kijana mrefu mwenye tabasamu lisilotoka, akanishukuru, akachukua mikrofoni, akampa mwenyekiti. Dada yangu ndiye aliyeiagiza, ila hilo halikuzungumzwa.

Kassim alihutubia kwa muda mrefu. Spika zangu zilimtoa vizuri. Alisema hali haijatulia. Alisema uchaguzi huleta chuki, na kwamba vijiji vya jirani vimegawanyika kwa ajili ya kura. Kwa hiyo kamati inapendekeza uchaguzi uahirishwe mpaka utulivu utakapothibitishwa. Mtu mmoja aliuliza nani atakayeuthibitisha, na Rama akamjibu kwa heshima kwamba muda wa maswali haujafika. Ulikuwa haujafika tangu mwaka uliotangulia.

Ikaja kura. Mwenyekiti akaeleza kwamba hakuna haja ya kusumbuana. Wanaokubali wabaki walipo. Wasiokubali watoke, wasimame kule nje juani, ili waonekane vizuri.

Hakutikisika mtu. Mwanakombo akamwendea Rama, aliyekuwa sasa ameishika mikrofoni, na kunyoosha mkono apewe. Rama akatabasamu, akaitia mikononi mwa mwenyekiti. Dada yangu akajitanda leso yake upya. Yeye ameuza samaki miaka mingi kwa kuita kutoka upande mmoja wa soko hadi wa pili; mikrofoni kwake ni pambo.

"Kassim," akasema, "mimi nilikupigia kura. Pengine nataka kukupigia tena. Nitakupigiaje bila ya uchaguzi?"

Akatoka, akasimama juani peke yake.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jenereta. Si mwanachama, sina kura. Nilimtazama dada yangu amesimama kule na kivuli chake kifupi miguuni. Watu walitazama chini. Nilijua kwamba wengi wao wamekula mikononi mwake, na nilijua pia kwamba kila mmoja wao anahitaji ruhusa ya kamati kesho asubuhi.

Kisha akainuka Bakari, nahodha mstaafu, mwenye kulalamika juu ya kila kitu. Akajikongoja hadi nje.

"Nahodha, unapinga?" Kassim akamwuliza kwa mikrofoni.

"Mimi?" akasema Bakari. "La. Mgongo waniuma. Naota jua."

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga akafuata, akasema mtoto anataka upepo. Wavuvi wawili wakatoka wakiwa wameinua simu juu, eti mtandao ndani ya banda ni mbovu, na ni kweli ni mbovu. Mwingine akasema anakwenda kumwangalia nahodha asije akaanguka. Mama karanga watatu wakatoka kumwangalia huyo anayemwangalia nahodha. Baada ya hapo watu waliacha kutoa sababu. Walitoka tu, mmoja mmoja, wakitazama baharini kama waliosikia mashua inakuja.

Mwenyekiti akauliza tena kwa spika, "Mlioko nje, mnapinga?"

Hakuna aliyesema anapinga. Sauti moja ikajibu, "Twaota jua, mwenyekiti."

Rama akatumwa kuhesabu. Akazunguka, akarudi mbio, akamnong'oneza mwenyekiti sikioni. Lakini mikrofoni ilikuwa mkononi mwa mwenyekiti, karibu na shavu lake, na spika zangu ni nzuri. Ufuo mzima ulisikia: "Wa nje ni wengi."

Baadaye Rama alinilaumu kwamba sikuizima. Nikamwambia hakuna aliyeniagiza kuizima.

Kassim aliitazama mikrofoni mkononi mwake. Kisha akatangaza kwamba kwa sababu ya ukali wa jua, mkutano wa kuahirisha uchaguzi umeahirishwa. Hapakuwa na vigelegele. Watu walitawanyika haraka na kimya, kama waliotoka msikitini mvua ikinyesha.

Nilipokuwa nakusanya nyaya, Kassim alikuja. Alishika upande mmoja wa spika kubwa, mimi mwingine, tukaibeba hadi kwenye pikapu. Alikuwa anahema.

"Banda hili niliwajengea mimi," akasema.

"Ni banda zuri," nikamwambia.

"Basi mbona wametoka?"

Nikamwambia awaulize. Alinitazama kama niliyempa dawa chungu, akaenda zake akipita katikati ya banda tupu.

Kesho yake alfajiri, kabla sijaondoka, nilimsindikiza dada yangu ufuoni. Rama alisimama njiani na ile shikamoo yake. Kassim alikuwa ameketi juu ya mashua iliyopinduliwa, hakugeuka, alisema tu, "Mwache apite." Amri haikufutwa kwa tangazo. Ilikoma vile ilivyoanza, bila ya jina la mtu. Mwanakombo akanunua changu na tafi, akanitilia baadhi kwenye gazeti niwapelekee watoto.

Nilirudi kwa njia ile ile. Hamadi wa Tiwi alisikiliza yote, akasema mambo kama hayo hayawezi kutokea kwao. Sikujua alikuwa anajisifu au anasikitika.

Nyumbani waliniuliza nimejifunza nini huko. Nilidhani mambo haya huanza kwa bunduki na magari meusi. Kule yalianza kwa ombi la heshima kwamba maswali yawekwe mwisho, na waliokubali walikuwa watu wema wenye haraka ya kurudi kazini. Wiki chache baadaye, katika mkutano wa wafanyabiashara wa hapa Mackinnon Road, mwenyekiti wetu alisema ili tuokoe muda tuanze na ajenda, maswali baadaye. Nikainua mkono nikauliza kwa nini. Walinitazama vibaya, kwa kuwa ilikuwa karibu na chakula cha mchana.

Uchaguzi wa ufuoni ulifanyika baada ya mfungo, kwa sanduku la mbao na karatasi zilizokunjwa, si kwa kusimama juani. Dada yangu alinipigia simu siku chache baadaye kunipa habari. Kassim amegombea na ameshinda, kwa kura chache. Katika mkutano wake wa kwanza maswali yameanza asubuhi yakaenda hadi alasiri, na ameyajibu yote, mengine vibaya.

Nikamwuliza yeye alimpigia nani.

"Kura ni siri," akasema Mwanakombo.