Msala wa Mama Kwenye Mteremko

Mimi si mtu wa kutulia. Miaka ile tukiishi North York, kule ughaibuni, kiangazi kilipoingia, kila Ijumaa mchana miguu iliniwasha. Ndiyo maana tulinunua gari-nyumba kuukuu. Upande mmoja wa sebule yake ulisukumwa nje kwa kitufe, chumba kikapanuka.

Lakini Ijumaa moja mama, aliyetoka Tanga kuja kuishi nasi, alinipa sharti.

"Safari iliyopita nilisali kitini kama mgonjwa. Leo nikikosa kusujudu, sipandi tena."

Peke yake hatukuweza kumwacha. Asipopanda, sote tungebaki nyumbani.

Msala wake ulienea sebuleni tu, tena chumba hicho cha kusukumwa kikishatoka. Na ili uelekee kibla, kaskazini mashariki, gari ilibidi likingame na mteremko wa kambi tuliyofikia, kando ya ziwa. Penye tambarare majirani walikuwa wameshapajaza.

"Geuza gari, baba watoto," mke wangu aliniambia. "Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Wewe nielekeze."

Kama hujawahi kuifanya kazi hii, usiogope. Inataka mpangilio tu. Weka pimamaji sakafuni. Upande ulioinama, pandisha magurudumu juu ya vibao, polepole, mpaka kiputo chake cha hewa kikae katikati. Kisha tia kabari, gari lisiserereke. Halafu shusha jeki za gari mpaka ardhini, usawazishe mbele na nyuma. Chumba hutoka mwisho. Ukikitoa gari likiwa limeinama, uzito hukivuta, kikakwama nusu njia.

Hayo nayajua, na bado kidole kilitamani kile kitufe. Jua lilikuwa limeshazama.

"Bado tu?" mama aliuliza dirishani, ameshatia udhu. "Magharibi hainisubiri mimi wala hicho kiputo chako."

"Kibao kimoja tu, mama."

"Hata kile cha kwanza ulisema hivyo hivyo."

Kiputo kikatulia. Chumba kikatoka kikinguruma, kikafika mwisho. Mama akatandika msala. Nje, mimi na mke wangu tulisikiliza mpaka tukasikia anatoa salamu.

Alipofungua mlango, alinikuta na ramani mkononi. Nilikwisha kuchagua ziwa jingine, la mbali zaidi, twende asubuhi.

"Ikunje hiyo, mwanangu," alisema. "Hapa pamekaa sawa. Mpaka Jumapili mtu asiguse jeki."

Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Nikaketi ngazini, goti likinichezacheza.