Mtoto Asiyetajwa Kliniki

Mama mkwe alipokuja kutoka kijijini kwao Magharibi kunitunza, mimba yangu ilikuwa na miezi minne, na chumba chetu cha mjini, mtaa wa Mowlem, hata mimi na mume wangu kilikuwa kinatubana. Alitandika godoro lake mlangoni. Kwenda msalani ilikuwa mpaka nimruke.

Mwaka uliotangulia nilijifungua mimba ikiwa ya miezi saba. Binti yangu aliishi siku mbili, akafa kabla ya kupewa jina. Kwa watu wa mume wangu mtoto wa namna hiyo hahesabiwi wala hatajwi. Ukimtaja, unamwita aje amchukue mdogo wake.

Basi kliniki, nesi alipouliza ni mimba ya ngapi, mama mkwe akajibu kabla sijafungua mdomo: ya kwanza. Nesi akaandika kwenye kadi. Nami, mwanamke mzima na kidato cha nne changu, nikanyamaza, kwa kuwa mkwe habishiwi mbele ya watu. Nilijichukia njia nzima.

Mwezi wa saba ulipokaribia, mgongo ulianza kuuma kwa namna niliyoikumbuka, maumivu yakija na kuondoka. Mume wangu, akivua ovaroli ya kiwandani, aliniambia nimsikilize mama, yeye anajua. Nilitamani kumrushia sufuria. Nilikuwa nimefungiwa na watu wanaonipenda, sasa ningepiga kelele kwa nani?

Tuliporudi kliniki, nesi alisoma kadi, akasema maumivu madogo madogo ni kawaida kwa mimba ya kwanza, nikapumzike. Mama mkwe akainuka na mkoba wangu. Mimi sikuinuka.

"Sista, hii si ya kwanza," nilisema. "Wa kwanza alikuja na miezi saba, akafa."

Nesi akaweka kalamu chini. Alieleza kwamba aliyewahi kuzaa kabla ya wakati yuko katika hatari ya kurudia, na kwamba wangejua tangu mwanzo wangenifuatilia kwa karibu. Akanipima, uso ukambadilika. Njia ya uzazi ilikuwa imeanza kufunguka.

Nililazwa siku hiyo hiyo. Mama mkwe hakuniaga. Wiki tatu nililala kwa ubavu, nikiogopa hata kukohoa, na yeye hakuja kuniona.

Alikuja mtoto alipozaliwa, mdogo sana lakini anapumua. Alimtazama kupitia kioo cha chumba cha watoto njiti.

"Wangu wasiotajwa walikuwa wawili," akasema, "kabla ya mume wako."

Nikamvutia kiti, akaketi, akalia.