Betri Iliyoisha Kila Jioni

Ukiitazama meli ya baba hutaona swichi. Utaona sitaha mbili, dohani nyeusi, mlingoti, madirisha ya duara niliyoyatoboa kwa msumari wa moto, na magunia matatu ya dagaa yaliyofunikwa turubai mbele. Waya hata mmoja hauonekani. Wageni wanaokuja kwetu Itetemia huigeuzageuza, huichungulia chini, kisha huuliza inawashiwa wapi, na baba huwajibu kwamba yeye hajui, wamuulize fundi. Fundi ni mimi. Natengeneza redio na simu katika kibanda karibu na soko, Tabora mjini, na katika miaka yote ya kazi hiyo hakuna kitu kilichonikasirisha na kunifaa kama ile meli.

Baba alifanya kazi Kigoma, kwenye meli ya abiria. Hakuwa nahodha, wala hakuwa mmoja wa wale wanaovuta kamba wakitazamwa na watu gatini. Alikuwa chini, chumba cha injini, akitia mafuta kwenye mitambo. Kwa kazi hiyo ndugu zangu nami tulisoma, tukavaa viatu, na nikapelekwa chuo cha ufundi wakati majirani wanasema msichana ataungua na umeme. Nilipokuwa mdogo sikumshukuru. Nilidhani ada hujilipa zenyewe.

Kiharusi kilimkuta akiwa amestaafu na mama ameshatangulia. Nikapanda treni, nikamfuata, nikarudi naye Tabora. Mguu wa kulia ulimrudia taratibu kwa msaada wa fimbo, lakini mkono wa kulia ukakataa, na vidole vikaanza kujikunja. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali, dada mpole sana, alitueleza bila kuzunguka: vidole visipotumiwa kila siku katika miezi hii, vitafunga ngumi na havitafunguka tena. Akampa baba mpira laini wa kuminya. Baba akaupokea kwa mkono wa kushoto, akashukuru vizuri, na tulipofika nyumbani akausokomeza chini ya mguu wa meza yetu iliyokuwa ikiyumba. Meza ikatulia.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilisema maneno mengi siku ile, baadhi yake si ya kumwambia mzazi. Baba akanisikiliza hadi nikaishiwa.

"Mama," akasema. Huniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Mimi si mtu wa kuchezea mpira mbele ya watu."

Watu wenyewe ni mimi na kuku wanne. Lakini kila nilipomwambia anyooshe vidole, aliuingiza ule mkono mfukoni. Nikaacha kumwambia. Kila asubuhi nilikwenda kibandani nikiwa na ule mkono kichwani, na nikirudi nilimkuta amekaa vilevile, anatazama ukuta. Siku moja akasema kwamba huku kwetu hata maji ya kutazama hakuna, yako kwenye ndoo tu.

Ndipo nikakumbuka gari la kuchezea ambalo mteja mmoja alikuwa ameniachia, limevunjika magurudumu lakini rimoti yake nzima. Nikalifungua. Mota ilikuwa hai, bodi ndogo ya kupokea mawimbi ilikuwa hai, na kile kimota cha kukata kona kingeweza kugeuza usukani wa meli. Nikapata mbao laini kwa seremala na bati la kopo la rangi. Nilichonga jioni baada ya jioni, baba akiniongoza kwa fimbo kutoka kwenye kiti chake: hapa pana mno, hapa umenenepesha, meli gani hii ina tumbo la ng'ombe. Mwezi mzima aliacha kutazama ukuta. Kwa hilo peke yake ningeridhika.

Tatizo likaja kwenye swichi. Niliiweka juu ya sitaha, nyuma ya dohani, kubwa na laini, mahali ambapo mkono wa kushoto wa mzee ungeifikia bila taabu. Niliona nimefanya la maana. Baba akaitazama kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari.

"Hiyo ni nini?"

"Swichi, baba."

"Umewahi kuona meli ina swichi mgongoni?"

"Hii ni ya kuchezea."

"Iondoe. Na hizo nyaya. Abiria akiona mitambo ujue meli ina shida."

Akataka kila kitu kiende chini. Basi nikaanza upya. Antena niliipitisha ndani ya mlingoti, ambao ulikuwa mrija wa kalamu. Nyaya nilizishusha ubavuni chini ya sitaha, nyekundu upande mmoja na nyeusi upande wa pili, nikazifunga kwa uzi ili zisije zikaguswa na mhimili wa rafadha, lile panga la nyuma linalosukuma maji. Betri ikakaa katikati, chini kabisa, ili meli isilale upande. Nikaongeza taa ndogo nyuma ya madirisha, inayowaka muda wote swichi ikiwa imewashwa, kwa sababu baba alisema chumba cha injini hakikai gizani. Swichi yenyewe, ndogo ya kusukuma na kuvuta niliyoitoa kwenye tochi, nikaificha mbele, ndani ya shimo la shehena. Kifuniko cha lile shimo ndiyo yale magunia matatu. Unayashika kwa kidole na gumba, unainua, unaiona swichi.

Maji yalipenya pale kwenye kifuniko mara ya kwanza tulipoijaribu kwenye beseni. Gundi ya dukani ingeyazuia, lakini ikikauka huinui tena kitu. Nikatumia nta. Tabora huwezi kukosa nta, jirani yetu anarina asali na nta hunipa bure. Niliiyeyusha na tone la mafuta ya kula ibaki laini, nikapaka ukingoni, na kifuniko kikawa kinakaa kimya kama kimeota hapo.

Mara ya pili meli ilielea vizuri, rafadha ikapiga maji hadi yakamwagika sakafuni. Nikamwambia baba kwamba Jumapili baada ya ibada tutakodi bajaji twende bwawani Igombe.

"Siendi," akasema, "mpaka niiwashe mwenyewe."

Nilijua kifuniko kile kinataka mikono miwili, mmoja wa kuishikilia meli na mwingine wa kubana yale magunia. Nikaona mzee amejifungia njia kwa ubishi wake mwenyewe, na kwamba meli itabaki kabatini kama pambo.

Kisha betri ikaanza kuisha.

Niliichaji usiku mmoja ikajaa. Jioni yake, nikitoka kazini, nikaipima kwa mita yangu: imekufa kabisa. Nikaichaji tena. Kesho yake jioni, imekufa. Nikainua kifuniko, swichi imezimwa. Betri haiishi ikiwa swichi imezimwa, labda umeme uwe unavuja mahali. Nikafungua sitaha nzima. Nikapima waya kwa waya, nikalehemu upya viungo ambavyo havikuwa na kosa, nikabadilisha bodi. Siku iliyofuata, imekufa. Nilikwenda kwa kijana anayeniuzia betri sokoni nikamwambia mbele ya wateja kwamba ananiuzia takataka. Akanipa nyingine bila kubishana. Nayo ikafa.

Baba aliniangalia nikihangaika, ila mara moja aliuliza kama chuoni walitufundisha kweli.

Jioni ya juma la pili nilichukua kile kioo cha kukuzia ninachotumia kwenye simu, nikaanza kukagua sehemu moja baada ya nyingine, kuanzia mbele. Sikufika mbali. Kwenye nta, ukingoni mwa magunia, palikuwa na alama. Zilikuwa nyingi, moja juu ya nyingine: mikwaruzo, mahali kidole kilipoteleza, mahali kilipoteleza tena. Na katikati, wazi kabisa, alama ya gumba pana lenye ukucha uliopasuka kati kwa kati. Ukucha ule naujua. Mtambo ulilibana gumba la kulia la baba kabla sijazaliwa, na tangu hapo ukucha huota vipande viwili.

Nikaanza kuelewa mchana wa baba ulivyokuwa. Mimi nikishaondoka, na jirani akishaleta uji na kwenda zake, aliipakata meli, akapambana na kifuniko hadi kikatoka. Kuwasha ni kusukuma tu, hata ngumi inaweza. Kuzima ni kuvuta, na kuvuta kunataka kidole kilichonyooka. Hapo ndipo betri yangu ilipokuwa inaishia. Taa iliwaka asubuhi, ikawaka mchana, ikafifia, huku yeye anahangaika kuirudisha swichi kabla sijarudi. Mkono wa kushoto ulikuwepo. Ungeizima mara moja tu na betri ingebaki nzima. Hakuutumia.

Nilitaka kwenda kumkumbatia. Nikaona nikifanya hivyo mkono utarudi mfukoni. Mtu huyu amefanya kazi maisha yake yote mahali asipoonekana, na kwa mara ya kwanza niliiona heshima iliyomo ndani yake. Basi nikaifunga sitaha, nikailainisha nta kwa kidole, nikasema kwa sauti kwamba betri za siku hizi hazina maana. Baba akaitikia kwamba kweli, hazina maana. Asubuhi nikapitia sokoni, nikamwomba radhi yule kijana, mbele ya wateja vilevile kama nilivyomtukana. Akacheka, akakataa kurudishiwa betri yake.

Tangu siku hiyo kuipima betri kukawa ndiyo salamu yangu ya jioni. Nilikuwa namwamkia, "Shikamoo baba," anaitikia, "Marahaba mama," tunaulizana habari za kutwa, halafu nachomeka mita na kuzipata habari zenyewe. Wiki tatu mfululizo ilikuwa imekufa. Ya nne nikakuta imebaki kidogo. Nilikwenda uani nikalia karibu na kuku, kwa furaha, nikarudi nikalalamika kuhusu betri. Kisha ikawa inabaki robo, kisha nusu. Kuna siku ilirudi kuwa mfu, na siku hizo nilipika ndizi kwa nyama bila kueleza sababu. Namshukuru Mungu kwa mambo mengi makubwa, lakini sijui kama nimewahi kumshukuru kwa moyo kama nilivyomshukuru kwa ile sindano ya mita ilipopanda upana wa unywele.

Jioni moja nikaipima, ikawa imejaa.

Nikapima tena. Imejaa, kama nilivyoiacha asubuhi. Betri kujaa ilikuwa na maana mbili, na mojawapo ni kwamba hajaigusa kabisa. Labda amechoka. Labda amekata tamaa, ameketi tena kuutazama ukuta kutwa nzima, na mimi nilikuwa sokoni nacheka na wateja. Nikashika kile kioo, lakini sikuwa na ujasiri wa kuitazama nta.

"Betri vipi leo?" baba akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Imejaa."

"Leo nimeizima mapema," akasema.

Nikaichukua ile betri nikaichomeka kwenye chaja, ingawa haikuhitaji, kwa sababu mikono yangu ilitaka kitu cha kufanya.