Bibi amekaa kwenye toroli langu

Leo nimeitwa mtumwa mbele ya wageni, na furaha haijaniisha mpaka sasa.

Tunasawazisha njia ya kuzunguka ziwa, ile ya watu kutembea taratibu mpaka kwenye boma la zamani la Wajerumani. Nilikuwa nasukuma toroli la changarawe, nikamkuta bibi wa Kigogo amesimama njiani, ameshika magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Tabora. Mnyamwezi."

"Kumbe mtumwa wangu!"

Wageni waliokuwa wanapiga picha wakageuka. Mmoja akataka kunitetea, maskini. Hajui utani wa makabila yetu, Wagogo na Wanyamwezi.

Mimi nilibaki nacheka kama mjinga. Tangu nije huku, hakuna aliyewahi kunitania.

"Mwaga hizo changarawe," bibi akasema. "Babu zako walipita hapa na mizigo vichwani wakanywa maji yetu. Leo utanibeba mimi."

Nikamwaga. Akakaa kwenye toroli kama bibi harusi. Dada yake anaishi nyuma ya boma, na magoti yamemzuia kumwona tangu mavuno.

"Polepole, punda wewe!"

"Bibi, Wagogo mna uzito huu, na kila mwaka mnalia njaa?"

Alicheka mpaka toroli likayumba.

Dada yake alipotuona alianza kulia. Wakashikana mikono. Nikageuka nirudi kazini.

"Mtani!" bibi akaniita. "Nikifa, wewe ndiye utakayenizika. Usiondoke huku."

Nikamwambia mimi Mgogo simziki, kwa hiyo aendelee tu kuishi.

Wanyamwezi wenzangu, nimejibu vizuri?